Kuweka wakizashi nyumbani bila kuiua: mwongozo kamili

Picha mnazonitumia zinafanana. Bapa la upanga limechomolewa na kuwekwa juu ya stendi, ala tupu imelazwa chini yake, mpini umeelekea kulia, na taa ya sebuleni inamulika chuma kikameremeta. Miezi michache baadaye inakuja picha ya pili, ya karibu zaidi, yenye madoa mekundu na swali lile lile: nimekosea wapi?

Umekosea pale ulipodhani kinachoonyeshwa ni bapa. Nyumbani tunaonyesha ala, mpini na kamba. Bapa linalala ndani, gizani, na utando wake wa mafuta. Kwa hiyo hatua nyingi hapa chini zinahusu kitu ambacho mgeni wako hatakiona kabisa, na ndizo zinazorukwa.

Historia ya samurai nimeiacha. Twende kazini.

## Una upanga gani hasa?

Wakizashi ni upanga mfupi wa Kijapani wenye bapa la kuanzia sentimita 30.3 hadi 60.6, yaani shaku moja hadi mbili kwa kipimo chao. Chini ya hapo ni tanto. Pima kwa mstari ulionyooka, kutoka kwenye pengo dogo la mgongo pale bapa linapoanzia hadi nchani, bila kuufuata mpindo. Hizi zote huvaliwa makali yakitazama juu, na jambo hilo ndilo litakaloamua namna ya kuziweka.

Kisha jua kama ni chuma cha kweli. Funga sumaku ndogo kwenye karatasi laini na uisogeze karibu na mgongo wa bapa, bila kuligusa. Ikivutwa, una chuma au chuma cha pua. Isipovutwa, una upanga wa mazoezi au wa mapambo uliotengenezwa kwa aloi ya zinki na alumini. Huo haushiki kutu nyekundu na haunoleki, kwa hiyo ruka hatua ya pili na uende moja kwa moja kwenye stendi.

Kama unaishi Japani kama mimi, bapa la chuma la sentimita 15 na zaidi ni lazima liwe na cheti cha usajili, torokusho. Likibadilisha mmiliki, mmiliki mpya anaiarifu bodi ya elimu ya mkoa uliotoa cheti ndani ya siku 20. Cheti kinakaa na upanga, si kwenye droo ya chumba kingine. Kuutoa nchini kunahitaji kibali cha Wakala wa Utamaduni, Bunkacho. Walioko Uingereza wajue kwamba panga zilizopinda zenye bapa la sentimita 50 na kuendelea zimo kwenye orodha ya silaha zilizokatazwa, isipokuwa zile za kale na zile zilizofuliwa kwa mkono kwa njia za jadi, hivyo wakizashi ndefu ya kiwandani inaweza kukuingiza matatani. Kwingineko, uliza polisi kabla ya kuagiza.

## Vifaa

Kusanya vyote kabla hujachomoa chochote. Kutafuta tishu huku umeshika bapa tupu ndiko kunakokata watu.

- Stendi ya ukubwa wa wakizashi, katanakake, yenye mahameli au kitambaa laini kwenye vikono vyake
- Mafuta ya choji, chupa moja ndogo
- Alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi
- Vitambaa viwili vipya vya maikrofaiba, vilivyofuliwa mara moja bila dawa ya kulainisha nguo
- Tishu zisizo na manukato wala losheni
- Kipima unyevu kidogo cha ukutani
- Vipakiti vya punje za kufyonza unyevu, vile vinavyokuja ndani ya boksi za viatu
- Mshipi mwembamba wa kuvulia na vipande vya jeli ya kunata
- Taa ya mezani

Choji ni karafuu. Najua Mpemba anayesoma hapa ameshanyanyuka kwenda kabatini. Keti kwanza. Mafuta ya choji ni mafuta ya madini yaliyosafishwa, yenye karafuu kidogo ya kuyapa harufu. Mafuta halisi ya karafuu, yale ya kupakwa kwenye jino linalouma, ni kitu kingine kabisa na yasikaribie upanga. Ukikosa choji, tumia mafuta meupe ya cherehani. Mafuta ya nazi, ya alizeti na ya kupikia yote yanaganda, yananata na kushika vumbi.

Alkoholi nayo ina mtego wake. Spiriti ya kusafishia vidonda mara nyingi huongezwa vitu vinavyoacha utando, na sanitaiza ya mikono imejaa maji na jeli. Soma lebo.

Katika seti za usafi utakuta pia kifundo cha hariri chenye unga mweupe, uchiko. Ni unga wa jiwe la kunolea. Wajapani wameutumia vizazi na vizazi, na mkononi mwa anayejua haudhuru. Mkononi mwa anayeanza, unasugua. Uweke pembeni.

## Hatua ya 1: Chagua mahali kabla ya kuchagua stendi

Tundika kipima unyevu pale unapotaka upanga ukae, ukiache wiki nzima, na usome asubuhi na jioni. Ukipata asilimia 45 hadi 60 bila kurukaruka, mahali ni pazuri. Ikipanda juu ya 65 siku nyingi, utahitaji kabati la kioo na vipakiti vya kufyonza, au chumba kingine.

Kuruka kwa unyevu kuna ubaya wake. Ala ni mti wa honoki, mwepesi na laini, uliopakwa laka. Hewa kavu ya kiyoyozi ikiupiga mchana na unyevu ukaurudia usiku, mti unasinyaa na kutanuka hadi laka inapasuka kwenye maungio. Kwa hiyo upanga usikae mbele ya kiyoyozi, juu ya hita, wala karibu na jiko. Jua la dirishani linapausha hariri ya mpini na kamba kabla hujagundua.

Ukuta wa nje wa fleti za zege unatoka jasho. Hapa Osaka majira ya mvua ya tsuyu, Juni hadi katikati ya Julai, ni masika ya kwetu bila ngurumo: kila kitu kinanata. Weka stendi kwenye ukuta wa ndani, na uache nafasi ya upana wa kiganja nyuma yake ili hewa ipite. Wa Mombasa, Unguja na Tanga wanaongezewa chumvi ya upepo wa bahari. Kwao sishauri kuweka wazi hata kidogo. Kabati la kioo lenye mlango unaobana vizuri ndilo jibu.

Kama kuna watoto, kabati liwe na kufuli. Kuuweka juu asikoufikia mtoto hakutoshi. Mtoto anajua kusogeza kiti.

Utajua umefaulu pale namba za kipima unyevu zinapoacha kukushangaza.

## Hatua ya 2: Safisha bapa na ulipake mafuta

Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa hiyo nitakwenda taratibu.

Vua saa na pete. Osha mikono, ikauke kabisa. Keti sakafuni au mezani penye nafasi ya mkono pande zote, na mtu mwingine yeyote atoke chumbani. Ukishachomoa, usiongee: mate yasiyoonekana yakitua kwenye chuma yanaacha nukta za kutu.

Tazama kwanza nyuma ya ala. Wakizashi nyingi zina kijisu chembamba, kogatana, kilichochomekwa kwenye mfuko wa ala upande wa ndani. Hukioni upanga ukiwa kwenye stendi, na ukiuinamisha kinateleza na kudondoka. Kitoe ukiweke kando.

Kuchomoa. Shika ala kwa mkono wa kushoto kutoka chini, mpini kwa mkono wa kulia kutoka juu, makali yakitazama juu. Usivute kwa nguvu. Kwenye shina la bapa kuna bangili ya shaba, habaki, inayobana mdomoni mwa ala. Kaza mikono yote miwili na uisukume ifunguke kidogo, kama sentimita mbili, kisha simama. Sasa chomoa polepole kwa mwendo mmoja, mgongo wa bapa ukiteleza kwenye mti. Mgongo ndio unaobeba uzito. Ukigeuza makali yakae chini, yanakwangua ala kwa ndani, na siku moja yatatokea upande wa pili, penye vidole vyako.

Kufuta. Loweka tishu kwa alkoholi kidogo. Ikunje juu ya mgongo wa bapa, uibane pande zote mbili kwa kidole gumba na cha shahada, makali yakiwa wazi upande wa nje. Futa kutoka kwenye habaki kwenda nchani. Inua, rudi mwanzo, futa tena. Usirudi nyuma ukiwa umebana, kwa sababu mbili: utasugua uchafu ule ule ulioutoa, na vidole vitapanda kwenye makali. Alkoholi isifike kwenye ala wala mpini; laka haiipendi.

Rudia na tishu mpya hadi itoke nyeupe. Malizia na maikrofaiba kavu.

Kukagua. Weka bapa chini ya taa ya mezani, uliinamishe taratibu hadi mwanga uteleze juu yake. Angalia madoa, alama za vidole na mistari ya maji.

Nitawaambia niliyoyaona kwenye yangu. Mgeni mmoja aliichomoa nikiwa jikoni, akaisifu, akaigusa kwa dole gumba na kuirudisha vizuri tu. Sikujua. Tsuyu ikapita. Mwezi Agosti nilipoiinamisha chini ya taa, karibu na ncha palikuwa na duara la kahawia lenye mistari yote ya kidole, ungeweza kuihesabu. Fundi wa kung'arisha niliyempelekea alitazama, akanyamaza kidogo, akaniambia nipake mafuta nisiguse. Lile duara lipo hadi leo.

Kwa hiyo ukikuta kutu: usiisugue. Najua mikono yetu inataka nini. Panga la shamba likishika kutu tunachukua ndimu na majivu, au tunaliburuza kwenye jiwe, na limekwisha kazi. Hapa ndimu, dawa ya meno, steluli na msasa vitaondoa doa pamoja na ngozi nzima ya bapa, ule mchoro wa mawingu karibu na makali unaoitwa hamon na nyuzi za chuma zinazofanana na za mti. Paka mafuta juu ya doa, liache, na utafute fundi aliyefunzwa kung'arisha panga za Kijapani, togishi. Fundi wa visu vya jikoni siye.

Kupaka mafuta. Matone mawili kwenye kitambaa cha pili, si kwenye bapa. Kunja na ufute kwa mwendo ule ule, kutoka habaki hadi nchani, pande zote na mgongoni. Unatafuta utando, si mafuta. Mafuta ya ziada hayalindi zaidi. Yanatiririka ndani ya ala, yanalowa mti, yanakamata punje za vumbi, na kila ukichomoa punje hizo zinachora mistari.

Utajua umefaulu ukiliangalia bapa chini ya taa likaonekana kama kioo kilichopuliziwa pumzi kidogo, bila tone hata moja linalojikusanya.

Rudisha bapa kwa mpangilio ule ule: makali juu, weka mgongo wa ncha kwenye mdomo wa ala kwanza, kisha sukuma polepole hadi habaki ibane. Usijisifu kwa kurudisha bila kutazama. Waliokatwa mkono wa kushoto walikuwa wanaigiza.

Mpini usiung'oe. Ndani yake kuna msuka, ule mkia wa bapa, na umeshikwa na kijiti kimoja cha mwanzi, mekugi, kinachopita pande zote mbili. Kiangalie tu: kikiwa kimelegea au kimepasuka, usiuinue upanga hadi kibadilishwe, maana bapa linaweza kutoka lenyewe. Na ikitokea siku umeuona msuka mweusi wenye kutu, usithubutu kuusafisha. Ile kutu ndiyo inayomsaidia mtaalamu kukadiria umri, na jina la mhunzi, kama lipo, limechongwa hapo.

## Hatua ya 3: Pata stendi inayolingana

Stendi ya katana, ule upanga mrefu, ni pana mno. Ukiweka wakizashi juu yake, kikono cha kushoto kinaangukia chini ya mpini na kuzibonyeza nyuzi za hariri na ngozi ya samaki taa iliyo chini yake. Tanto itapita katikati na kudondoka.

Vikono vyote viwili viwe chini ya ala, na tsuba, kile kisahani cha chuma kati ya mpini na bapa, kibaki huru bila kugusa mti wa stendi. Ukiwa na stendi ya mbao mpya yenye vanishi, iache ipigwe hewa hadi harufu iishe. Ikiwa bado laini itashikana na laka.

Stendi ya ukutani ifungwe kwa skrubu ndefu ndani ya zege au kwenye nguzo ya mbao iliyo nyuma ya ubao. Ukuta wa jipsamu peke yake hauaminiki. Misumari miwili mitupu chini ya ala, niliyoiona kwenye picha zenu zaidi ya mara moja, inakata laka kwa uzito wa upanga wenyewe.

## Hatua ya 4: Elekeza upanga

Simama mbele ya stendi. Mpini uwe upande wako wa kushoto. Makali yatazame juu.

Sababu ya kushoto ni adabu. Upanga huchomolewa kwa mkono wa kulia. Mpini ukiwa kulia, upo tayari kushikwa. Ukiwa kushoto, mwenye nyumba anamwambia mgeni kwamba hapa hakuna shari. Kwa mantiki hiyo hiyo, mgeni aliyeketi aliweka upanga wake upande wa kulia kwake.

Sababu ya makali juu ni chuma: bapa linakaa juu ya mgongo wake, na makali hayagusi mti.

Huna haja ya kuchomoa ili kuhakikisha. Tazama mpindo. Ukiwa sahihi, ala imeinuka katikati kama mgongo wa daraja. Ikiwa imebonyea katikati kama mtumbwi, makali yako chini. Hivyo huwekwa tachi, upanga mrefu wa zamani ulioning'inizwa kiunoni, na si wakizashi. Kisha tafuta kurikata, kile kinundu chenye tundu kilichochomoza kwenye ala kinachopitisha kamba. Mpini ukiwa kushoto na makali juu, kurikata inakutazama wewe. Ikiwa imejificha ukutani, kuna kitu kimoja umegeuza.

Ukiwa na jozi, katana na wakizashi pamoja, mpangilio uliozoeleka ni katana juu, wakizashi chini, zote zikielekea upande mmoja.

## Hatua ya 5: Kamba

Pitisha sageo, ile kamba ya ala, kwenye kurikata, sawazisha ncha mbili, na uikunje ining'inie kwa ulegevu mbele ya ala. Kuna mafundo ya maonyesho mazuri sana, lakini la muhimu ni kutolikaza. Kamba za bei rahisi hutoa rangi kwenye unyevu, na rangi nyekundu ikishaingia kwenye laka nyeusi hutaitoa.

## Hatua ya 6: Funga dhidi ya mtikisiko

Huku tetemeko la ardhi si habari ya gazetini, ni Jumanne. Bandika vipande vya jeli chini ya miguu ya stendi, kisha zungusha mshipi mwembamba mara moja kwenye kila kikono na ala, ukaze kiasi cha kuzuia upanga usiruke. Kwa hatua mbili mshipi hauonekani. Weka kipande kidogo cha kitambaa pale mshipi unapogusa laka.

Hata asiyeishi penye matetemeko ana mlango unaobamizwa na paka.

Utajua umefaulu ukigonga rafu kwa ngumi na kila kitu kikabaki mahali pake.

## Hatua ya 7: Ratiba

Baada ya wiki moja chomoa tena, futa na upake mafuta upya. Safari ya kwanza mara nyingi hubaki uchafu uliojificha ndani ya ala, na utauona kwenye tishu. Ukiwa safi, rudia kila baada ya miezi mitatu. Penye hewa kavu miezi sita inatosha. Wakati wa mvua, kagua kila mwezi. Badilisha vipakiti vya kufyonza vinapobadilika rangi, au kama havina rangi, kila mwanzo wa mvua.

Ukitaka bapa lionekane kwa wageni, lichomoe siku hiyo, walitazame mikono ikiwa nyuma, lifutwe, lipakwe, lirudi. Dakika ishirini zinatosha. Kwa upanga wa thamani, wenyeji huutenga kabisa: bapa linalala kwenye shirasaya, ala nyeupe isiyopakwa laka, droo ya ndani, na kwenye stendi inabaki ala ya mapambo na mpini vikishikiliwa na bapa la mbao linaloitwa tsunagi. Mgeni hajui tofauti. Tangu lile duara la kidole, na mimi nimeagiza tsunagi.